Kidole Kilichoacha Kusikia Uzi

Kama una baka mwilini lisilowasha wala kuuma, usilishukuru kwa adabu yake. Mimi langu nililishukuru karibu miaka miwili. Lilikaa nyuma ya mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, limepauka kuliko ngozi yangu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nililipaka dawa ya mba, nikalipaka ndimu na mafuta ya nazi, likawa vilevile. Nikaliambia, haya, kama hunisumbui nami sikusumbui, tukae.

Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu aliyeketi mahali na baka lake na maneno yamemkaa kooni. Mimi pakiti yangu ya kumi na mbili nimeimaliza, niko hapa, nakula, nafuma, nagombana na mume wangu. Udaktari siujui. Nitakueleza niliyoyaona na niliyoyauliza, maana kwa kuuliza hawaniwezi. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikauliza mkunga anatoka wapi.

Kazi yangu ni kufuma sweta za watoto hapa Kilindoni. Wageni wakiniona na sindano na donge la uzi, jasho linanitiririka, hucheka. Sweta, katika joto la Mafia? Waache wacheke. Kwetu mtoto mchanga hapigwi upepo. Anatoka hospitali na kofia, soksi na sweta hata jua liwe la namna gani, na siku ya arobaini anapotolewa nje hutolewa na sweta mpya, na wanawake wote wanaitazama hiyo sweta kabla ya kumtazama mtoto. Nilifundishwa na mke wa mwalimu mmoja wa bara aliyekuwa mpangaji wetu nikiwa msichana. Yeye alihamishwa, sindano zikabaki kwangu.

Nataka ujue ninavyoshika uzi, kwa sababu ugonjwa wangu ulianzia hapo. Uzi hupita juu ya kidole cha shahada, ukapita chini ya viwili vinavyofuata, kisha unazungushwa mara moja kwenye kidole cha mwisho. Hicho kidogo ndicho bwana mkubwa. Ndicho kinachosikia kama uzi umekaza au umelegea, kinaachia, kinazuia. Mimi nilikuwa sitazami. Nafuma huku naongea, huku natazama sufuria, huku namsema jirani. Kidole kinafanya kazi yake.

Basi sweta zikaanza kuwa ndogo.

Alianza mama mmoja wa sokoni. "Mama Rukia, ile sweta haipiti kichwani." Nikamwambia ampake mtoto mafuta. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Nikasema uzi wa siku hizi hauna maana. Uzi ulipokuja mwingine na mambo yakawa yaleyale, nikasema watoto wa siku hizi wana vichwa vikubwa, mama zao wanakula nini sijui. Nilisema hivyo mbele za watu, tena kwa sauti. Kuongeza vitanzi kwenye sindano ili sweta ipanuke nilikataa, maana kipimo changu kilikuwa hakijanitupa miaka ishirini.

Na kuna jingine nililojisifia. Nilikuwa naepua sufuria jikoni bila kitambaa. Wifi zangu wakishangaa, wakisema mkono wa Mama Rukia wa chuma, nami navimba kichwa. Nikiunguza kidole naona lengelenge baadaye, nasema si kitu. Leo nikikumbuka najishangaa. Dalili mbili zilikuwa zinanipigia hodi mchana kweupe, moja nikaiita ubovu wa uzi, nyingine nikaiita ushujaa.

Vuli ilikuwa imeanza. Siku za kliniki ya watoto nilikuwa naketi kwenye benchi nje ya zahanati, nimepanga sweta kwenye kanga juu ya mapaja, kina mama wakisubiri mizani huku wanachagua rangi. Akapita nesi mgeni, msichana wa bara, Sista Sanga. Akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Una mtoto wa kike au wa kiume?"

Alichukua sweta ya njano, akaivuta shingo kwa vidole viwili. Kisha akaingiza mkono chini ya furushi, akatoa ya zamani ambayo haikununuliwa kwa sababu ya rangi yake ya ugoro. Akazilaza sambamba.

"Hizi mbili amefuma mtu mmoja?"

"Nani mwingine? Mfumaji hapa ni mimi."

"Vitanzi ni sawasawa, nimehesabu. Lakini hii mpya imepungua vidole viwili."

Nikamtazama vizuri. "Wewe unajua kufuma?"

"Mimi mtu wa Makete, mama. Kwetu baridi. Mtoto asiyejua kufuma anaonekana mvivu."

"Basi ni uzi," nikasema. "Na hawa watoto vichwa vyao."

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu. Akauliza hapo kidole cha mwisho niliungua lini. Nikakitazama. Lengelenge lilikuwa limepasuka na mimi, wallahi, sikuwa na habari nalo. Akasema, "Mama, waachie sweta hawa wenzako dakika kumi, twende ndani."

Ndani aliniambia nifumbe macho. "Nitakugusa kwa pamba. Kila nikikugusa, sema."

Akanigusa shavu, nikasema hapo. Akanigusa mkono wa kushoto, nikasema hapo. Halafu kimya. Nikasikia kuku nje, nikasikia mtoto analia kwenye mizani, nikasikia mtu anaburuta kiti. Nikasubiri mpaka nikachoka.

"Mbona umeacha?"

"Sijaacha, mama. Nimekugusa mara sita."

Nikafumbua macho. Pamba ilikuwa juu ya baka langu. Naiona, siisikii. Sikuogopa kwanza, nasema kweli. Nilistaajabu. Nikamwambia fanya tena. Akafanya. Nikamwambia hebu kidole cha mwisho. Hakuna kitu. Cha pete, nusu yake kipo, nusu yake hakipo, kama mtu kachora mstari katikati. Nikachukua pamba mwenyewe, nikawa najigusa kila mahali, natafuta mpaka. Sista aliniacha nimalize. Ni mwili wangu niliouvaa miaka hamsini na moja, na kulikuwa na eneo zima limehama bila kuniaga.

Akamwita daktari, naye akanipapasa kiwikoni, akauliza maswali yake, akakubali. Ni ukoma. Unatibika, dawa ni bure, miezi kumi na miwili, unachukua pakiti kila wiki ya nne.

"Mimi nafuma nguo za watoto wachanga," nikasema. Hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka.

"Najua, mama," Sista akasema. "Ukoma hauambukizwi kwa nguo. Na ukishaanza dawa huambukizi mtu."

Neno la pili sikulitoa. Rukia, mwanangu wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza binti huzalia kwa mama yake. Anarudi akikaribia, anajifungua, anakaa arobaini yake, mama anamkanda kwa maji moto, anampikia uji wa pilipili manga, anamlea mjukuu mpaka siku ya kumtoa nje. Niliisubiri zamu hiyo tangu Rukia avunje ungo. Nilikwishachagua mpaka rangi ya sweta. Nilipotoka mle ndani nilijua kitu kimoja tu nilichokuwa nakitaka duniani, nacho ni kumpokea yule mtoto kwa mikono hii.

Pakiti ya kwanza niliimeza palepale mbele ya Sista. Aliniambia mkojo utakuwa mwekundu, nisishtuke. Nilikwenda chooni zaidi ya nilivyohitaji ili nione tu, na kweli ulikuwa kama juisi ya rozela. Nikamwita mume wangu, Mzee Bakari, aje atazame. Hakuja.

Yeye nilikuwa nimemwambia siku ileile. Mficha maradhi, kilio humuumbua, nikasema simfichi. Alisema Mungu mkubwa, akaenda msikitini. Siku tatu baadaye akaanza kula peke yake. Sisi tangu tuoane tunakula sinia moja. Akasema eti tumbo halimkai sawa, chakula chake kipakuliwe kando. Nikapakua kando. Wiki nzima nikapakua kando, tumbo lile likila wali kunishinda mimi. Nikamuuliza, "Bakari, miaka ishirini na nane umelala kitanda kimoja na mimi, leo unaogopa sinia?" Akaona haya, lakini haya haikumrudisha.

Sista alitaka aje kupimwa, watu wa nyumba moja huangaliwa wote. Alikuja, akakaa kwenye benchi lile amejiinamia, kofia imemshuka usoni ili asijulikane, na Kilindoni yote inamjua. Kuvua shati mbele ya msichana kulimpa tabu kuliko ugonjwa wenyewe. Akageuzwa mgongo, akageuzwa kifua, hakuwa na kitu. Rukia naye aliangaliwa kwenye kliniki yake ya wajawazito, mzima. Jioni ile Bakari akaja akaketi kwenye sinia. Akala upande wake, mimi upande wangu. Wali ulikuwa unanimwagikia kati ya vidole vile viwili visivyosikia, naye akawa anausogeza kwangu kwa ncha za vidole vyake.

Nje ya nyumba ilikuwa vingine. Hakuna aliyenitukana. Watu wetu wana adabu, hawatukani, wanaacha tu. Nilikaa benchini siku ya kliniki na sweta zangu, kina mama wakanisalimia vizuri, wakaniulizia hali, wakatazama pembeni. Nikarudi na furushi zima. Kliniki iliyofuata nikarudi na furushi zima. Ya tatu sikwenda na furushi.

Pakiti ya tatu, kaskazi imeshika na jua linachoma, akaja Bi Asha, mama mkwe wa Rukia, mama wa mkwe wangu Saidi, kutoka Kiegeani. Mwanamke wa heshima, msusi wa mikeka ambaye ukili wake unaujua hata ukiwa mbali. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akakataa chai kwa sababu amefunga. Ilikuwa Jumatatu, kweli watu hufunga Jumatatu, lakini sikumjua kwa funga hizo.

"Mkwe wangu," akasema, "tumekaa na baba Saidi tumeonelea, Rukia ajifungulie kwetu. Wewe unaumwa, upumzike."

"Siumwi kiasi hicho."

"Tunakuonea huruma."

"Huruma hiyo imeanza lini, dada Asha?"

Akatazama chini. Sikumpa nafasi, nikamuuliza anavyojua yeye ukoma unaambukizwaje. Nilitaka kujua kweli, sikuwa namchokoza. Akasema babu yake mmoja alikuwa nao, akajengewa kibanda shambani, vyombo vyake vikatobolewa ili mtu asivitumie kwa kusahau. Yeye Asha ndiye aliyekuwa anampelekea chakula, anakiweka juu ya jiwe, anakimbia. Alikuwa na miaka minane. "Alikuwa ananiita jina langu," akasema, "nami nakimbia." Akanyanyuka, akaniaga, akaenda zake.

Nilimchukia, sitaficha. Lakini lile jiwe nalo lilinikaa kichwani.

Rukia akanipigia simu analia. Nikamwambia asigombane na watu wa nyumba yake kwa ajili yangu, ana mimba. Kisha nikakata simu nikalia mimi.

Nilimweleza Sista Sanga siku ya pakiti. Hakunipa mawaidha. Wiki iliyofuata akaniletea donge la uzi limefungwa kwenye gazeti, rangi ya maziwa, zito, lina harufu ya mnyama aliyelowa mvua. "Ni sufu ya kondoo. Mama yangu kaisokota kwa mkono. Mfumie mjukuu." Nilikuwa sijapata kushika sufu ya kweli. Uzi wetu wote ni wa kiwandani, unakuja kwa boti, na kondoo wa huku hakuna anayewahi kumnyoa. Niliinusa, nikaivuta, nikaona inavyojirudi yenyewe.

Lakini kidole je? Nilifanya utafiti wangu. Mchana, mlango nimefunga, nilifumba macho nikawa napitisha uzi kwenye kidole kimoja kimoja, natikisa. Gumba kinasikia. Shahada kinasikia sana. Cha kati kinasikia. Viwili vya mwisho, vimekufa. Nikasema basi bwana mkubwa tumstaafishe, tumpe kazi shahada. Nikazungusha uzi mara mbili kwenye shahada. Ewe mwenzangu, ilikuwa kama kuandika kwa mguu. Vitanzi vinateleza, kimoja kipana kama dirisha, kingine kidogo hakipitishi sindano. Nafumua, naanza. Nafumua, naanza. Na sasa lazima nitazame kila kitanzi. Huwezi kumsema jirani huku umekodolea sindano, hivyo nyumba yetu ikawa kimya mpaka Bakari akauliza kama naumwa zaidi.

Nikafika mgongo wa sweta, pakiti ya tano, mkono ukavimba. Kiwiko kiliniuma maumivu ambayo siwezi kukueleza, na baka lililokuwa na adabu likawa jekundu linawaka. Niliona dawa imenigeuka. Nataka hapa unisikilize: usiache dawa. Kimbia ulikopewa, useme. Mimi nilikimbia kwa bodaboda nimeshika kiwiko kama mtoto mchanga. Wakanipa vidonge vingine vya kutuliza, wakaufunga mkono, wakaniambia marufuku kufuma mpaka uvimbe uishe. Vidonge vile vikaninenepesha uso ukawa duara, na zile dawa za pakiti zikanifanya mweusi wenye wekundu ndani, rangi ya kahawa iliyokaangwa ikapitiliza. Shoga yangu mmoja akaniambia nimependeza, hewa ya wapi hiyo. Nikamwambia hewa ya zahanati.

Wiki saba sikugusa sindano. Masika yakaanza, mvua inapiga bati, nami nimekaa na mkono umening'inizwa shingoni kwa kanga, natazama nusu ya sweta imelala kwenye kikapu. Katika mvua hizo hizo, pakiti ya saba, Rukia akajifungua mvulana. Nilijulishwa kwa simu. Siku ya saba wakampa jina, Nassoro, nalo nikaambiwa kwa simu. Nilipika uji wa pilipili manga, nikautia kwenye chupa ya chai, Bakari akaupeleka Kiegeani. Chupa ilirudi imeoshwa. Sikujua nani aliunywa na sikutaka kuuliza, na wewe unanijua mimi na kuuliza.

Mkono ulipofunguliwa nilifuma mchana kutwa, natazama kila kitanzi. Nilimaliza siku ya thelathini na tano ya mtoto. Niliipima kwa uzi wangu wa kipimo, uzi mkuukuu wenye fundo mwanzoni, mzunguko wa kichwa cha mtoto wa arobaini, ninaoutembeza kwenye mkoba tangu nianze kazi. Ikalingana na kuzidi kidogo. Niliivuta shingo kwa vidole viwili kama alivyofanya Sista siku ile, ikafunguka vizuri. Nikaikunja, nikampa Bakari.

Arobaini ikapita. Siku ya tatu baada yake Bakari akarudi kutoka Kiegeani na mfuko wa plastiki. Akauweka mezani, akatoka uani. Ndani ilikuwa sweta yangu, na karatasi ya Rukia: *Mama, samahani, haimwingii.*

Haimwingii? Isingemwingia hata paka. Ilikuwa imekuwa ndogo, nzito, ngumu kama kipande cha godoro, vitanzi havihesabiki. Nikaigeuza, nikaipindua. Nilikaa chini. Nikajiambia, kumbe ndivyo. Kumbe macho yalikuwa yananidanganya na kipimo kinanidanganya, mkono umekufa na mimi ndiye sijaambiwa. Zile sweta nilizowakazia watoto wa watu kwa ubishi, na hii niliyoifuma kwa roho yangu yote, ni mkono uleule. Nikachukua sindano zangu nikazifunga kwa kanga, nikazitia chini ya kitanda. Nilisema sifumi tena, na nilimaanisha. Pakiti ya tisa nilikwenda kuichukua kwa sababu Bakari alinishika mkono akanitoa nyumbani.

Sista Sanga aliniuliza mjukuu kavaa nini siku ya kutolewa nje. Nikamtupia mfuko. Akaitoa ile sweta, akaitazama, akaipeleka puani, akaibonyeza. Kisha akacheka mpaka akaegemea kabati la dawa.

"Unanicheka?"

"Mama, hii imechemshwa."

"Imechemshwa vipi?"

"Jikoni, kwenye sufuria, kwa moto. Sufu ukiichemsha inajikunja, haifunguki tena. Nilisahau kukwambia, maana kwetu hilo hata mtoto anajua. Nilifanya hivyo kwa kofia ya baba nikiwa na miaka saba, nikachapwa." Akaisogeza dirishani, akaniita. "Tazama pindo, hapa ambapo haikushikana sana. Vitanzi vyako vimelingana. Hiyo ni kazi nzuri, mama."

Nikatazama. Vilikuwa vimelingana. Furaha na hasira vilinipanda pamoja, sijui kipi kilitangulia. Mkono wangu mzima, na watu wa Kiegeani wameuchemsha. Nikamuuliza Sista tena na tena, inachukua moto kiasi gani, muda gani, mpaka akasema nikamuulize aliyechemsha.

Nikasema ndiyo, huyo ndiye wa kuulizwa. Nikaweka pakiti ya tisa kwenye mkoba, nikapanda bodaboda moja kwa moja mpaka Kiegeani, na sikupiga simu.

Bi Asha alikuwa barazani anasuka ukili. Rukia alitoka ndani akasimama mlangoni, mtoto begani, uso umemshuka. Sikumsogelea. Niliketi mwisho wa mkeka, mbali kama mgeni.

"Dada Asha, sikuja kugombana, nimekuja kuuliza. Sweta mliichemsha?"

Ukili ukasimama mkononi.

"Niliichemsha," akasema.

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kwa maji matupu?"

"Na chumvi."

"Astaghfirullahi, dada Asha. Ungetia na ndimu."

Sikukusudia kuchekesha, lakini Rukia alipiga kicheko cha pua, na Bi Asha akafunika mdomo kwa ukili. Kisha akaacha kucheka. Macho yalimlowa.

"Nguo zote mpya nachemsha, za kiwandani hazifanyi kitu. Hii nikaitoa imekuwa vile, nikadhani ni ugonjwa umeikunja. Niliogopa sana, mkwe wangu. Nikamwambia Rukia aseme haimwingii."

"Si ungeitupa tu? Kama unaogopa."

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nisingetaka aivae, ningeichemsha ya nini?"

Nilimuona yule msichana wa miaka minane, ameweka sahani juu ya jiwe. Safari hii hakukimbia. Alibaki jikoni, amechochea moto mara tatu, anatafuta namna.

Nikamwambia aliyoniambia Sista, yote, na kwamba pakiti ya tisa iko ndani ya mkoba. Alitaka kuiona. Akaigeuza, akahesabu vidonge kwa kidole, akaninyooshea. Halafu akageuka mlangoni.

"Rukia, mpe bibi yake."

Rukia akaja upesi, na mimi ndiye niliyerudi nyuma. Nilisema hapana, ngoja. Nilisema kweli ambayo sijamwambia hata Bakari: vidole viwili visivyosikia vitakaa hivyo, Sista ameshaniambia havirudi. Nitajuaje kama ananiponyoka?

Bi Asha akasogea mkekani mpaka goti lake likagusa langu. Akaweka mikono yake chini ya mikono yangu. "Shika," akasema. "Mimi nitasikia."

Basi Nassoro akalala juu ya mikono minne. Joto lake sikulipata kwa vile vidole, nikainama nikalipata kwa shavu. Nikalia bila kujizuia, Rukia naye analia, mtoto anatutazama tu. Ni mzito, ana nyusi za Bakari, na alikuwa amevaa sweta ya dukani ya kijani ambayo imemkaba shingo.

Nilipopumua nikatoa kwenye mkoba ule uzi wangu wa kipimo. Bi Asha akashika mwanzo wake juu ya nyusi, nami nikauzungusha kwa shahada na gumba, taratibu, nyuma ya masikio. Ncha haikufika kwenye fundo. Nikauvuta tena, nikafikiri nimekaza. Bi Asha akauachia, akaushika yeye. Haikufika. Ilipungua upana wa kidole kizima.

"Kichwa kikubwa," Bi Asha akasema polepole, kama anayeogopa kuniudhi.

"Si nilisema mimi," nikajibu.

Niliporudi nyumbani nilizitoa sindano chini ya kitanda, nikaongeza vitanzi vinne.